Uji wa Namba Kumi na Saba

Mwihaki wa Mburu alikuwa na kazi ambayo hakuna mtu pale Kesses aliyeweza kuieleza sawasawa. Kanisani walisema anaosha panya. Majirani walisema anafuga panya wa chuo kikuu, wakashangaa chuo kizima kimekosa nini kingine cha kufuga. Mumewe, Mburu, mwenye duka la unga na sukari karibu na vyumba vya kupangisha wanafunzi, alikuwa na jibu lake fupi: "Mke wangu yuko utafiti." Hapo alinyamaza na kugeukia mizani, kwa sababu swali la pili lilikuwa utafiti gani, na mwenye duka la unga hana faida yoyote ya kutaja panya mbele ya wateja.

Panya wenyewe walikuwa weupe, wasafi kuliko watoto wengi wa shule msimu wa mvua, na walikaa katika nyumba ndefu ya mabati nyuma ya maabara. Mwihaki alikuwa amewatunza kwa miaka kumi na miwili. Kila asubuhi saa moja alivua viatu, akavaa gambuti nyeupe na koti, akanawa mikono hadi kwenye viwiko, kisha akafungua mlango na kusalimia, "Mmeamkaje?" Hawakujibu, lakini walisimama wote kwa miguu ya nyuma wakinusa, na hilo lilikuwa jibu zuri kuliko alilokuwa amepata kwa Mburu asubuhi hiyo. Akabadilisha maranda ya kulalia, akaosha chupa za maji, akajaza chakula, akaandika kwenye fomu.

Sheria ilikuwa kwamba panya hana jina. Ana namba, imeandikwa kwa wino mkiani, basi. Mwihaki aliiheshimu sheria hiyo kwenye fomu. Kichwani mwake mambo yalikuwa mengine. Namba tatu alikuwa Mildred, kwa kuwa alijisafisha uso kutwa nzima kama Mildred wa saluni. Namba kumi na saba alikuwa Gerishon, kwa sababu alikalia nafasi ya mwenzake kisha akamtazama kana kwamba mwenzake ndiye mwenye makosa, na hivyo ndivyo alivyofanya Mzee Gerishon, mwenyekiti wa kanisa lao, kila Jumapili kwenye benchi la mbele.

Mwaka huo panya walikuwa na shughuli kubwa. Daktari Joash Okeyo, mkuu wa maabara, mtu mrefu kutoka pande za ziwa aliyependa tai nyekundu na aliyezungumza juu ya ubongo kama wenzake wanavyozungumza juu ya mpira, alikuwa akijaribu dawa ya kulinda ubongo baada ya kiharusi. Alimweleza Mwihaki siku moja huku akichora ubongo kwenye gunia la chakula cha panya. Damu ikizibwa, alisema, kuna sehemu ya ubongo inayokufa papo hapo, na hiyo tumeshaipoteza. Pembeni yake kuna sehemu nyingine ambayo imezimia tu. Ikipata msaada mapema, inaamka. Isipopata, inafuata ile ya kwanza.

"Sasa hiyo imezimia ndiyo mimi nataka," alisema Daktari, aliyemwita Mwihaki kwa jina la bintiye. "Lakini huwezi pea mtu dawa kabla panya hajaipata, Mama Njeri. Na panya hapati kabla mfadhili akubali. Na mfadhili hakubali kabla uandike barua mpaka vidole vikufe ganzi."

Barua aliziandika kwa miaka minne. Wafadhili wanapenda dawa iliyokwisha kufika kwa watu, ili wapigwe picha wodini wakishika mkono wa mgonjwa. Dawa iliyo bado kwa panya haina picha ya maana. Akakataliwa mara sita. Mara ya saba wakfu mmoja wa Nairobi ukakubali, kwa masharti: jaribio lile lile lifanywe katika maabara tatu, hii yao ya Eldoret na mbili za mbali, kwa mwongozo ule ule, na asiwepo hata mmoja anayejua ni panya yupi amepata dawa na yupi amepata maji ya chumvi. Chupa zikaja, nyingine za kifuniko chekundu na nyingine za buluu. Siri ya rangi ilifungiwa ndani ya bahasha huko Nairobi. Siku ile Daktari alinunua kreti nzima ya soda, akasahau kifungulio, wakazifungulia kwenye bawaba ya mlango na kuiharibu bawaba.

Aliyeshika kisu alikuwa Bridgit, mwanafunzi wa uzamivu, msichana wa mtaa wa Pioneer mwenye mikono mitulivu na mdomo usiotulia. Alimlaza panya kwa dawa ya usingizi, akapitisha uzi mwembamba kwenye mshipa wa shingo hadi damu ikazibwa, akahesabu dakika, akauvuta uzi, kisha akamdunga kutoka chupa nyekundu au buluu kama orodha ilivyosema. Siku zilizofuata alimpima. Panya alitakiwa atembee juu ya kijiti chembamba, halafu aondoe kipande cha plasta kilichobandikwa mguuni. Panya mzima huiondoa plasta kwa sekunde chache na kuonyesha wazi kuwa amekasirika. Panya mwenye kiharusi hajui hata kama mguu huo ni wake.

Shida ilianzia kwenye chakula. Chakula cha panya wa maabara ni vidonge vigumu vinavyowekwa juu, kwenye wavu wa kifuniko cha kizimba, na panya husimama kuvitafuna. Panya aliyetoka kwa Bridgit hasimami. Huzunguka upande mmoja, huanguka, hupumzika, huzunguka tena. Wiki ya kwanza kabisa Mwihaki alimkuta namba tisa amelala chini ya chakula chote kile, ameinua pua akikinusa, na hana njia ya kukifikia. Mwihaki alisimama akimtazama kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyoruhusu.

Kwao, mtu akitoka hospitali haendewi mikono mitupu. Unabeba themosi ya uji. Mama aliyejifungua, mzee aliyepasuliwa, mtoto aliyevunjika mguu akiiba maparachichi ya watu, wote hupelekewa uji, na jirani asiyepeleka hukumbukwa kwa miaka. Mwihaki alikuwa na themosi yake hapo hapo, uji wa wimbi, yaani ulezi, wa kunywa saa nne. Akamimina kidogo kwenye kifuniko, akasubiri upoe, akauchuja kwa kitambaa safi, akauvuta kwa sirinji isiyo na sindano. Akamweka namba tisa kiganjani, akamwinua kichwa na kifua, akatia tone moja mdomoni, akangoja ameze. Kisha tone la pili.

Jambo hilo la kuinua kichwa hakulisoma popote. Miaka tisa nyuma mama yake, Nyokabi, alirudishwa nyumbani kutoka hospitali siku ya Ijumaa, na mfuko wa vidonge na karatasi ya kueleza jinsi vinavyomezwa. Kiharusi kilikuwa kimemchukua upande mmoja pamoja na sauti. Wakamlaza chali kwa heshima zote, wakamlisha hivyo hivyo amelala. Alikohoa. Wakaogopa chakula kitampalia, wakapunguza vijiko. Akakohoa tena, wakapunguza tena. Wiki ya tano walimzika, mwepesi kama gunia la maranda. Ni pale kwenye chai ya matanga ndipo muuguzi mmoja, mgeni tu aliyefuatana na jirani, alipouliza kwa upole, "Na mlikuwa mnamwinua kwanza?" Mwihaki alijifanya hakusikia. Lakini alisikia, na tangu siku hiyo hakuacha kulisikia swali hilo.

Basi namba tisa akapata nguvu. Akafuata namba kumi na moja, kisha Gerishon, ambaye alitoka kwenye upasuaji hoi kabisa, upande wa kulia umelegea, kiburi kikiwa kizima. Aliukubali uji kama mtu anayepokea haki yake. Themosi moja ikawa mbili. Mburu akauliza unga wa wimbi wa dukani unaenda wapi, akaambiwa utafiti una njaa, akarudi kwenye mizani yake.

Je, alijua anakosea? Tuseme ukweli, alijua nusu. Mwongozo wa utafiti ulikuwa na kurasa arobaini na haukutaja uji hata mara moja, na yeye alijiambia kwamba kisichokatazwa kimeruhusiwa. Lakini Bridgit alipoingia saa tatu kuanza vipimo, sirinji ilikuwa imeshaingia mfukoni mwa koti, na mtu hafichi kitu anachoamini kwa moyo wote. Upande mwingine, Mwihaki alikuwa na tabia aliyofundishwa na Daktari mwenyewe siku ya kwanza ya kazi: kila kinachoingia kwenye kizimba kiandikwe. Fomu ilikuwa na safu ya vidonge, ya maji na ya maranda. Safu ya uji haikuwepo. Akachukua daftari la wanafunzi kutoka dukani kwa Mburu, akaandika humo kila siku, namba, saa, mililita ngapi, na maneno mawili matatu ya ziada kama kalamu ilikuwa na nafasi. Waliokuwa dhaifu sana walipata mara tatu kwa siku. Waliojiweza hawakupata kitu.

Jumatatu moja Daktari Okeyo aliwaita yeye na Bridgit ofisini. Alikuwa amelegeza tai, na hapo Mwihaki akajua kuna neno.

"Wamefungua bahasha ya nusu ya kwanza," alisema. "Panya arobaini wa kila maabara. Kule kwingine, karibu theluthi walikufa. Hapa kwetu wamekufa wawili."

"Si hiyo ni poa?" akauliza Bridgit.

"Ingekuwa poa kama ingekuwa dawa. Wa dawa na wa maji ya chumvi, wote wanatembea kwa kijiti kama wako harusini. Hakuna tofauti. Sasa Wakfu wanauliza maswali mawili. Ama Eldoret kuna muujiza, ama Eldoret kuna mtu anabuni namba." Aliisukuma barua mbali naye. "Daktari Chepngetich anakuja Alhamisi kukagua. Asiporidhika, wanatukata. Wanamaliza na wale wengine wawili."

Bridgit aliketi. Kukatwa maana yake ilikuwa miaka mitatu ya masomo imeenda na maji. Kwa Daktari ilikuwa jina lake, kwa sababu mtafiti akishukiwa mara moja, barua zake hazisomwi tena. Kwa panya ilikuwa nyumba kufungwa. Mwihaki alikuwa amesimama karibu na mlango, sirinji ikiwa mfukoni mwa koti.

Alifungua mdomo aseme. Daktari akamtangulia.

"Ngojeni," alisema, na macho yakaanza kung'aa kwa namna ambayo waliomfahamu walijifunza kuiogopa. "Ngojeni kwanza. Hizo maabara zingine ziko chini, karibu na bahari. Sisi tuko wapi? Juu! Wakimbiaji wa dunia nzima wanakuja Kaptagat kufuata nini? Hewa. Damu ya mtu wa huku ina chembe nyekundu nyingi. Kwani ya panya haina?"

Hapo ndipo kosa dogo la mama mmoja lilipoanza kuwa sayansi. Jumanne nzima Daktari na Bridgit walisoma kuhusu hewa ya milimani. Bridgit alituma ujumbe kwa binamu aliyekuwa kambini Kaptagat akimwomba vipimo vya damu yake, binamu akauliza kama anaumwa. Daktari alichora ramani yenye mishale, Eldoret juu, ulimwengu chini. Kufikia Jumatano alikuwa ameanza pendekezo jipya kabisa la ufadhili, kuhusu ubongo na mwinuko wa nchi, na alikuwa akipiga mluzi.

Na tuseme ukweli tena: Mwihaki alifurahi. Iwe hewa, alijiambia. Hewa haina bosi, haifukuzwi kazi. Alifagia kwa bidii asubuhi yote. Lakini kila alipopita dirishani aliiona tai nyekundu imeinama mezani, Daktari akiandika barua nyingine kwa vidole vyake vile vile, na kila neno la barua hiyo lilisimama juu ya uongo ambao ni yeye aliyempa. Miaka kumi na miwili mtu huyo hakuwahi kumwita mfagizi. Aliposimama mbele ya wageni alisema, "Huyu ni Mama Njeri, mwenzangu." Mchana Mwihaki aliacha ufagio, akaenda kubisha.

"Daktari, kuna kitu nataka kusema juu ya wale panya."

"Kesho, Mama Njeri, kesho! Wafanye wapendeze tu. Na ile bawaba ya mlango, mwambie fundi akuje."

Daktari Chepngetich alifika Alhamisi saa tatu kamili. Alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, viatu vya kutembea, sauti ya chini, na alisikiliza habari za hewa kwa nusu saa nzima bila kuandika kitu. Mshale wa mwisho ulipoonyeshwa, aliuliza kama anaweza kuwaona panya. Humo ndani alitembea polepole kati ya vizimba, akagonga kidogo kimoja kwa ukucha, akasoma fomu, akanusa hewa ambayo kwa kweli ilinukia wimbi. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mkaguzi aliyewahi kuliuliza mle ndani.

"Nani hushinda na hawa panya siku yote?"

Daktari akageuka, Bridgit akageuka. Mwihaki alikuwa kwenye sinki ameshika chupa ya maji.

"Ni mimi, madam."

"Basi niambie wewe. Kwa nini hawafi?"

Mwihaki aliweka chupa chini. Alipangusa mikono kwenye koti, upande mmoja na wa pili, akaingiza mkono mfukoni, akatoa sirinji, kisha daftari.

"Ni uji," alisema. "Si hewa. Nimekuwa nikiwapa uji."

Panya wakazidi kutafuna bila kujali. Aliendelea haraka kabla ujasiri haujamwisha, akaeleza vidonge vilivyo juu na panya aliye chini, akaeleza kitambaa cha kuchujia, akaeleza kwamba aliwapa wanyonge tu, wa chupa nyekundu na wa buluu bila ubaguzi, kwa kuwa yeye hakuangalia chupa, aliangalia njaa. Bridgit alishika mdomo.

"Mama! Na si ungeniambia tu?"

"Ningekuambia ungenikataza."

"Ningekukataza, eeh!"

Daktari Okeyo hakupaza sauti. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa tena.

"Panya arobaini, Mama Njeri," alisema.

Hayo tu. Na hayo yalimchoma Mwihaki kuliko matusi yoyote, kwa sababu mwisho wa jaribio kila panya hulazwa usingizi asiamke, ubongo wake ukakatwa vipande vyembamba na kutazamwa. Ndivyo kazi ilivyo, na Mwihaki alikuwa ameikubali kwa sharti moja la moyoni, kwamba wanakufa kwa ajili ya mtu fulani aliyelala kitandani mahali fulani. Namba tisa alikuwa amekwenda hivyo. Mildred amekwenda hivyo. Sasa ilionekana wamekwenda bure, na aliyewapoteza ni yule yule aliyewalisha.

Daktari Chepngetich alikuwa ameshalifungua daftari juu ya meza ya kupimia. Alisoma ukurasa wa kwanza, wa pili, akarudi wa kwanza. Kisha akasoma kwa sauti, bila kubadilisha uso.

"Namba kumi na saba, Gerishon. Saa saba mchana, mililita mbili. Amekunywa vizuri, lakini bado hana shukrani." Alifunua. "Gerishon tena. Leo ametoa plasta, akaitupa kwa jirani."

Bridgit alianza kucheka, akajizuia, akashindwa. Hata mdomo wa Daktari Okeyo ulicheza kidogo upande mmoja. Mgeni mwenyewe alicheka mwisho, kwa pumzi fupi, kisha akaweka kiganja juu ya daftari.

"Nusu hii imeharibika, hilo siwezi kuwaficha," alisema. "Wanyonge wamelishwa, wengine hawajalishwa. Huwezi kujua tena dawa ilifanya nini na uji ulifanya nini. Lakini nilikuja kutafuta mtu anayebuni namba, na sijamwona. Hii kila kitu imeandikwa, hata tabia." Alimtazama Mwihaki. "Nataka kupiga picha kila ukurasa. Na nataka kujua kitu kimoja. Nani alikufundisha kumwinua kichwa kwanza? Umeandika kila mahali, ameinuliwa, ameinuliwa."

"Hakuna mtu alinifundisha," alisema Mwihaki. "Niliulizwa tu, nikiwa nimechelewa."

Akamweleza habari za mama yake, kwa sentensi nne, akizitazama gambuti zake. Daktari Okeyo, ambaye alikuwa amemjua miaka yote hiyo na kumchorea ubongo kwenye gunia, alikuwa hajui kwamba kiharusi kiliwahi kufika nyumbani kwake.

Zikafuata wiki tatu mbaya. Upasuaji ulisimamishwa. Daktari alizungumza naye juu ya maranda na bawaba, basi, si kwa hasira bali kama mtu anayepiga hesabu kichwani na hataki kuikosea. Pendekezo la hewa ya milimani lilitupwa kwenye kikapu, na Mwihaki ndiye aliyekimwaga kikapu hicho. Nyumbani alimwambia Mburu ajiandae, huenda duka likapata msaidizi. Mburu akasema duka linahitaji mtu anayejua kuuza, si mtu anayegawa unga kwa panya, kisha akamchemshia chai, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Njeri azaliwe.

Siku ya Jumanne, saa tatu na nusu, Bridgit alikuja mbio hadi mlangoni, akasahau sheria ya kubadilisha viatu.

"Mama, unaitwa ofisini. Na usiniulize, mi sijui kitu," alisema, lakini alikuwa anacheka, na uongo wake ulikuwa wa kitoto.

Daktari alikuwa amekaza tai. Alimvutia Mwihaki kiti, akangoja akae.

"Wakfu wamejibu," alisema. "Hawatukati. Wanasimamisha maabara zote tatu, tunaanza upya, na pesa wameongeza ya mwaka mmoja." Alisugua vidole vyake kama mtu aliyetoka kwenye baridi. "Unajua walifanya nini? Walirudi kwa rekodi za wale wengine, wakaangalia uzito. Wale panya wao waliokufa, Mama Njeri, wengi walikuwa wanakonda siku tatu, nne, halafu wanaenda. Tulikuwa tunasema ni kiharusi. Kumbe wengi ni njaa. Sasa dawa itaamsha ubongo wa nani kama mwenyewe anakufa njaa? Tulikuwa tunaijaribu dawa juu ya njaa, na hakuna mtu aliona."

"Nimewapotezea arobaini," alisema Mwihaki.

"Umetupotezea arobaini. Na ningekuwa nimepoteza mia mbili na sijui." Alisogeza karatasi mbele yake. "Usirudie. Ukiona kitu, unakuja hapa, na mimi nikisema kesho, unakataa kutoka. Sasa soma. Mstari wa kumi na moja. Huu mwongozo unaenda maabara zote tatu."

Mwihaki hakuwa na miwani yake. Daktari akampa yake. Aliusogeza ukurasa mbali kidogo, akatafuta kumi na moja kwa kidole. Iliandikwa kwamba kila mnyama, awe wa chupa nyekundu au ya buluu, awe dhaifu au mwenye nguvu, atalishwa kwa mkono baada ya upasuaji, uji laini uliochujwa, vuguvugu, mara tatu kwa siku, kiasi sawa kwa wote, na mlishaji ataandika. Aliusoma mara mbili.

"Daktari, mmesahau kitu."

"Nini tena?"

"Hapa mmeandika alishwe. Hamjaandika ainuliwe kwanza."

Daktari Okeyo alichukua kalamu. Aliandika polepole, kwa mkono, pembeni mwa mstari wa kumi na moja, kisha akaigeuza karatasi imwelekee: mnyama ainuliwe kichwa na kifua kwanza, kisha alishwe tone kwa tone, na mlishaji angoje ameze. "Hivi?"

"Hivyo," alisema Mwihaki, na akalia. Hakuwa amemlilia mama yake tangu chai ile ya matanga, kwa kuwa aliona mwenye hatia hana haki ya kulia. Sasa alilia waziwazi, ndani ya miwani ya mtu, kwa sababu ya mstari mmoja wa kalamu ambao haukuwepo kwenye karatasi ile iliyokuja na vidonge vya mama yake siku ya Ijumaa. Daktari alitazama dirishani kwa adabu hadi alipomaliza.

Mwihaki alivua miwani, akaifuta kwa koti, akamrudishia.

"Panya sasa wameandikiwa," alisema. "Na watu?"

"Watu?"

"Wanaotoka hospitali. Wakipewa mfuko wa dawa, wapewe na karatasi kama hii."

Daktari Okeyo alivuta pumzi ndefu. "Hiyo ni barua nyingine, Mama Njeri. Mfadhili mwingine, mapendekezo mengine. Unajua nilikataliwa mara ngapi kwa hii?"

"Mara sita," alisema Mwihaki, akisimama. "Basi anza kuandika, Daktari. Vidole si bado unavyo?"

Akamwacha ameshika kalamu. Saa nne ilikuwa imekaribia, na uji wa Gerishon na wenzake waliobaki ulikuwa bado haujachujwa.